Masaa sita, watu wanne: namna ya kujipanga kwa mbio za baiskeli za kupokezana

Mbio ninazozungumzia ni za mzunguko: njia ya porini ya kilomita kumi hivi, timu ya watu wanne, mmoja yuko njiani na watatu wanamngoja. Muda ukiisha, wenye mizunguko mingi ndio washindi. Zipo za aina nyingine, kama Cape Epic ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 2004, ambako mnakwenda wawili wawili kwa siku nane na hamruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Hizo tuwaachie wenye likizo ndefu. Sisi wa Jinja, Uganda, tulianza na kupokezana.

Hatua ya 1: Tafuta watu kwanza, miguu baadaye

Mwenye mapafu makubwa hakosekani. Adimu ni yule anayeamka saa kumi alfajiri kufunga baiskeli juu ya taksi bila kununa. Timu yetu ina mwalimu, muuguzi, mwendesha boda, na mimi muuza misumari na mabati. Huyu wa boda alikuwa hajawahi kubadilisha gia ya baiskeli maishani, lakini akiliona tope anajua papo hapo tairi lipite wapi, na hilo hatukuweza kumfundisha mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kulipa kiingilio, ulizaneni: tunakwenda kushinda au kumaliza? Mmoja akitaka kikombe na watatu wakitaka picha, ugomvi utaanza mzunguko wa tatu.

Hatua ya 2: Jizoezeni kuanza upya

Kama tayari unaendesha baiskeli, miezi mitatu inatosha. Siku mbili za katikati ya wiki, saa moja moja, kisha safari ndefu Jumamosi. Sisi hutumia njia za mashamba ya miwa upande wa Kakira, na mara moja kwa mwezi tunaingia msitu wa Mabira. Huo ni hifadhi iliyo chini ya mamlaka ya misitu, NFA, kwa hiyo bebeni pesa ya kuingilia.

Zoezi ambalo wengi hulisahau ni hili: endesha kwa nguvu dakika 40, kaa chini masaa mawili, halafu endesha tena kwa nguvu ileile. Mara ya pili miguu huwa kama ya mtu mwingine. Mbio hizi zinauma hapo, kwenye kuanza tena ukiwa umepoa, kuliko kwenye mlima wowote. Baada ya zoezi, gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma wa Najjembe, soko la barabarani pale Mabira, ni halali yenu.

Hatua ya 3: Baiskeli

Breki zishike, mnyororo usiwe umelegea, tairi ziwe na meno. Usijaze upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe. PSI 30 hivi (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya pampu) inatosha kwa mtu wa uzito wa kawaida, mzito aongeze kidogo. Kila mmoja abebe tyubu, pampu ndogo, funguo na kiungo cha akiba cha mnyororo, maana ukipata pancha msituni timu nzima inakungoja wewe. Na helmeti, bila mjadala.

Hatua ya 4: Pangeni nani anamfuata nani

Chukueni karatasi. Masaa sita ni dakika 360. Mkizunguka kwa dakika 40, mtapata mizunguko tisa. Tisa haigawanyiki kwa nne, kwa hiyo kuna mtu atakayetoka mara tatu. Ajulikane wiki moja kabla, asije akaambiwa huku anavua viatu.

Wa kwanza si lazima awe mwenye kasi kuliko wote. Mwanzoni watu wote wanakimbilia kijia kimoja chembamba, kwa hiyo mtangulizeni asiyeogopa kusukumana. Mwenye nguvu ndogo awe wa pili, jua la mchana halijawa kali. Wa mwisho awe mwenye kichwa kilichotulia, na awe amesoma kanuni: mbio nyingine huuhesabu mzunguko wa mwisho ukikamilika baada ya muda, nyingine hazihesabu.

Mvua nayo ina hesabu yake. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, dakika 40 zinaweza kuwa 60, na mizunguko tisa ikabaki sita. Andikeni ratiba mbili.

Hatua ya 5: Pale pa kupokezana

Hapa ndipo tulipoaibika, na kosa lilikuwa langu. Katika mbio zetu za kwanza nilihesabu kwamba mwalimu angechukua dakika 45, nikaenda kununua rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai. Alirudi kwa 38. Alisimama kwenye kamba ya kupokezana, jasho likimchuruzika, akiita jina langu, nami niko kwenye foleni nikiambiwa mayai yanakaribia kuiva. Dakika kumi na moja zilipotea. Mlimani huwezi kuokoa dakika kumi na moja hata ukiacha roho huko.

Tangu siku hiyo sheria yetu ni hii: dakika 15 kabla ya muda unaotarajiwa, anayefuata ameshavaa helmeti na yuko karibu na kamba. Wa tatu anashika saa na kumletea maji anayerudi. Wa nne analala, wala asiulizwe kitu. Kile kifaa cha kuhesabia muda kinavuliwa na anayerudi mwenyewe na kufungwa mguuni mwa anayetoka; msikirushe.

Hatua ya 6: Kula kabla ya njaa

Ukiwa njiani, nusu lita ya maji kwa saa, na zaidi jua likiwaka. Kinywaji chetu hatununui: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, kisha tunakamulia ndimu. Ukirudi, kula ndizi mbivu mbili na chapati kavu ndani ya nusu saa, hata kama hutaki. Mayai, nyama na mafuta mengi vingoje mwisho. Muuguzi wetu alitugombeza sana juu ya hilo, na rolex yangu ilithibitisha maneno yake kwenye mzunguko uliofuata.

Baiskeli zioshwe jioni hiyohiyo, kabla hamjaanza kusimuliana. Tope likikaukia kwenye mnyororo, Jumatatu utakuwa kwa fundi unanunua mwingine.