Kata chikichi ujue mti wako ni dura au tenera

Huku Kigoma mtu anauziwa mche wa mchikichi anaambiwa "hii tenera hii", yaani aina yenye nyama nyingi na mawese mengi, anapanda, anapalilia miaka, siku ya kukamua anakuta chikichi lote kokwa tupu mawese kiduchu, kumbe ni dura. Mche mdogo huwezi kuujua kwa macho, ila mti ukishazaa tunda lenyewe linakwambia, na unahitaji panga tu.

Chukua chikichi zilizoiva tano sita hivi za mkungu mmoja, za upande wa nje maana ndo zimejaa. Vile vidogo visivyo na kokwa achana navyo, ua halikupata chavua hapo, vitakudanganya. Weka juu ya gogo, kata kwa upande sio kwa urefu, na vidole viwe mbali jamani.

Ukifungua utaona ngozi nyembamba, halafu nyama ya rangi ya chungwa ambayo ndo ina mawese, halafu ganda gumu, na katikati kabisa mise, hiyo ndo mbegu. Embe nalo limepangwa hivyohivyo, ila embe mbegu tunatupa, huku tunakamua kote kuwili.

Sasa angalia ganda. Dura lake nene, milimita 2 mpaka 8, nyama kidogo. Tenera ganda jembamba, na kwenye nyama karibu na ganda kuna mduara wa vidoti vyeusi vya nyuzi. Mimi naamini huo mduara kuliko unene, kwa sababu dura jembamba na tenera nene zinafanana sana. Kuna na aina ya tatu, pisifera, haina ganda kabisa, inavutia kweli, shida mikungu yake mingi inaoza kabla haijakomaa. Rangi ya chikichi bichi, iwe nyeusi au kijani, haihusiani na ganda hata kidogo.

Ukikuta tenera usikimbilie kuotesha mbegu zake. Tenera ni chotara wa dura na pisifera, watafiti wa Yangambi kule Kongo walilieleza hili mwaka 1941, kwa hiyo tenera ikipata chavua ya tenera mwenzake, kwa wastani robo ya miche inakuwa dura, robo pisifera, nusu tu ndo tenera, na ikipata ya dura la jirani, nusu inarudi dura. Mchikichi asili yake Afrika Magharibi na mpaka leo ni mti nusu pori, watu waliuacha ujiotee wakakata miti mingine, haukuchambuliwa mbegu kwa maelfu ya miaka kama mahindi ya Meksiko.

Kwa hiyo mbegu kachukue TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hukuhuku Kigoma, wao wanachavusha kwa mkono dura kwa pisifera. Yale madura ya babu usiyang'oe yote kwa mpigo, yaondoe kidogokidogo huku mapya yanakua, mawese ya ugali na migebuka yatatoka wapi?