Jinsi ya Kupanga Ardhi Kuzunguka Kituo cha Usafiri wa Umma

Reli mpya au njia ya mabasi yaendayo haraka hupandisha thamani ya ardhi iliyo jirani, kwa kuwa anayeishi hapo hufika kazini, sokoni na hospitalini mapema zaidi. Hata hivyo, kupanda kwa thamani peke yake hakujengi makazi. Sheria zikiendelea kuruhusu nyumba moja tu katika kiwanja kikubwa, faida yote humwendea mwenye kiwanja huku mabasi yakipita na viti vitupu. Kwa hiyo, badili kanuni za ujenzi kabla mkataba wa njia haujatiwa saini.

Anza kwa miguu. Wapangaji wa miji wamezoea kuchora duara la mita 500 hadi 800 kuzunguka kituo, yaani mwendo wa takriban dakika kumi, lakini usiliamini duara hilo. Shika saa, toka kwenye lango la kituo, tembea dakika kumi kuelekea kila upande na uweke alama pale unapoishia. Ukuta mrefu wa ghala, mtaro usio na daraja au barabara pana isiyo na kivuko humlazimisha mtu anayekiona kituo kwa macho kuzunguka kilomita nzima. Ukiunganisha alama zako utapata umbo lililobonyea huku na kuchomoza kule; hilo ndilo eneo halisi la kituo, na pengine daraja moja la waenda kwa miguu litalipanua kuliko ujenzi wowote wa gharama kubwa.

Ndani ya eneo hilo, ruhusu maghorofa marefu zaidi karibu na kituo, kisha punguza kimo kadiri unavyojitenga nacho. Mji wa Curitiba nchini Brazili ulifanya hivyo: mpango wa 1966 uliamua mji ukue kufuata mihimili michache, yaani barabara kuu zinazotoka katikati ya mji, na mwaka 1974 mabasi ya haraka yakaanza kupita katika mihimili hiyo hiyo. Ondoa pia sharti la kila jengo kuwa na maegesho mengi, kwani gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, hula karibu mita za mraba 25, ambazo ni chumba na sebule ya familia. Ofisi na shule zisirundikwe katikati ya mji tu. Zikiwekwa pia kwenye vituo vya mbali, mabasi na treni hujaa kwenda na kurudi.

Hong Kong, kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga juu na kando ya vituo kwa bei ya ardhi ya kabla ya reli, na faida ya majengo husaidia kugharimia njia. Pasipo utaratibu kama huo, tozo kwa wenye ardhi iliyopanda thamani kwa sababu ya njia inafaa.

Wapangaji wa kipato cha chini ndio huhamishwa kwanza na kodi inayopanda, ilhali ndio wanaolitegemea basi zaidi. Watengee viwanja vya nyumba za kodi nafuu kabla ramani ya njia haijatangazwa, wakati bei bado iko chini.