Kokotoa kosa la mizani ya karafuu kwa mgawanyo sare

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, maneno ya mizani hayaishi. Tuchukue mizani ya kidijitali inayosoma kwa kupanda gramu 100 kila mara. Polo likisomeka kilo 38.4, hiyo si namba ya uzito wake hasa, ni jina la kipande ambamo uzito umo. Ndani ya kipande hicho hakuna gramu yenye nafasi kubwa kuliko nyingine. Hali hiyo ndiyo huitwa mgawanyo sare endelevu, nao unahitaji namba mbili tu: mpaka wa chini a na mpaka wa juu b.

Hatua ya 1: Ijue mipaka kwa kuijaribu mizani

Usiirukie hatua hii, kazi yote imo humu. Weka jiwe la kilo 10 lililohakikiwa, mizani isome 10.0. Halafu ongeza vijiwe vya gramu 10, kimoja kimoja, ukikitazama kioo. Ikiruka kwenda 10.1 kwenye gramu 50 hivi, mizani inapeleka uzito kwenye namba iliyo karibu. Ikingoja mpaka gramu 100 zitimie, inakata kilichozidi.

Kosa tuliite E: uzito halisi kutoa uliosomwa. Kwa gramu, mizani ya kwanza, inayopeleka kwenye namba iliyo karibu, ina a = −50 na b = 50. Ya pili, inayokata, ina a = 0 na b = 100.

Hatua ya 2: Uwezekano

Mgawanyo huu huchorwa kama mstari wa mlalo kutoka a hadi b. Kimo cha mstari huo ni 1/(b − a), hapa 1/100 kwa kila gramu, na uwezekano ni eneo la mstatili chini yake. Kwa mizani ya kwanza, uwezekano kwamba mkulima amepunjwa zaidi ya gramu 30 ni (50 − 30)/100 = 0.2. Uwezekano wa kosa kuwa gramu 17 kamili ni sifuri, maana nukta moja haina upana. Wanafunzi hulikataa jibu hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Hatua ya 3: Wastani na mtawanyiko

Wastani ni (a + b)/2. Varianisi, kipimo cha mtawanyiko, ni (b − a)² ÷ 12, yaani 10,000/12 = 833.3. Kipeuo chake cha pili, gramu 28.9, ndicho mkengeuko sanifu wa polo moja, yaani umbali wa kawaida wa kosa kutoka kwenye wastani. Mizani zote mbili zina mkengeuko huohuo. Zinapoachana ni kwenye wastani: sifuri kwa ya kwanza, gramu 50 kwa ya pili.

Hatua ya 4: Jumlisha shehena

Chukua mapolo 48, kila moja limepimwa peke yake. Varianisi zinajumlishwa: 48 × 833.3 = 40,000, mkengeuko gramu 200. Jumla ya makosa mengi namna hii hukaribia mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, kwa hiyo mara 95 katika 100 kosa la mizani ya kwanza halitavuka gramu 400 huku wala huku. Kwa karafuu za mapolo 48, si la kugombania.

Mizani inayokata ni habari nyingine. Wastani nao unajumlishwa: 48 × 50 = gramu 2,400. Mkulima anaondoka bila malipo ya kilo mbili na kitu, na kadiri anavyoleta mapolo mengi ndivyo pengo linavyopanuka. Hapo dai lina msingi.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa kompyuta

Kwenye Excel andika =-50+100*RAND(), iburute chini ijaze visanduku 48, jumlisha, kisha bonyeza F9 mara kadhaa uone jumla inavyochezacheza. Kwa mizani inayokata, andika =100*RAND().

Tahadhari mbili. Mgawanyo huu ni wa kosa, si wa uzito wa mapolo yenyewe. Mapolo hujazwa kwa kukisia ujazo mmoja, hivyo uzito wake hurundikana katikati. Na kulipandisha polo lilelile mara kumi hakupunguzi kosa, kwa kuwa mizani isiyo na hitilafu itarudia namba ileile. Ukitaka kujua zaidi, ongeza juu ya polo vijiwe vya gramu 10, kimoja kimoja kama katika Hatua ya 1, uone namba inaruka kwenye gramu ngapi.