Kimea cha ulezi: kulainisha uji wa mtoto bila kuongeza maji

Uji wa mtoto ukiwa mzito, utaulainishaje bila kuongeza maji? Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naandika jibu lote hapa.

Uji mzito mtoto hamezi. Ukiongeza maji, tumbo linajaa kabla hajapata chakula cha maana. Ulezi ukichipua hutengeneza kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kiitwacho amilesi, kinachokata minyororo ya wanga, na uji mzito unalegea.

1. Peta ulezi, osha.
2. Loweka usiku kucha, chuja.
3. Funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3. Ukiota ukungu, mwaga wote.
4. Anika juani ukauke kabisa, fikicha mizizi, saga. Unga huu ndio kimea.
5. Pika uji mzito, uive.
6. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitia kimea uji ukitokota, nikakoroga robo saa, mwiko ukasimama vilevile. Nikadhani kimea kimeoza, nikamwaga nusu kilo. Kumbe moto ulikuwa umekiua kimeng'enya. Epua, koroga mpaka joto lishuke kwenye nyuzi 60 hadi 70, ndipo utie kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Baada ya dakika chache utauona ukitiririka kwenye mwiko. Usisubiri upoe kabisa, kazi itakuwa ya polepole mno.
7. Rudisha motoni uchemke tena. Usiruke: kimea ni unga mbichi, na nafaka iliyokaa na unyevu siku tatu ina vijidudu.

mama_mapacha: Nikitia uji ukichemka je?
Hapana. Soma hatua ya 6.

baba_k: Nimekikaanga kwanza kinukie, hakifanyi kazi. Umetupotosha.
Sikuandika popote ukaange. Nimeandika juani.

mdadisi: Mbona umekuwa mtamu na sukari sijatia?
Swali zuri sana. Wanga ukikatwa hutoa maltozi, ambayo ni sukari. Tafuna ugali muda mrefu bila kumeza, utaonja utamu huohuo, maana mate nayo yana amilesi. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walikitenga kimeng'enya hiki kutoka kimea cha shayiri. Bia nayo huanzia hapo.

mpika_togwa: Mtama unafaa?
Unafaa, ila machipukizi yake yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi. Yaondoe yote pamoja na mizizi. Kwa mtoto mdogo mimi nabaki na ulezi.

mpika_togwa: Asante. Bibi huchemsha viazi vitamu kwa moto mdogo, anasema utamu unazidi.
Ni kweli. Kiazi kina amilesi yake; moto wa polepole unaipa muda wa kukata wanga kabla haijafa. Mwulize anaanza na maji baridi?

mpika_togwa: Baridi kabisa.