Somo: Kukadiria mafuta ghafi ya nchi kwa miaka ijayo, eneo moja baada ya jingine

Wengi huchukua akiba yote ya nchi, yaani mafuta yaliyobaki ardhini yanayoweza kutolewa, huigawa kwa uzalishaji wa mwaka, kisha hutangaza kwamba mafuta yatatosha miaka 40. Hesabu hiyo inapotosha sana. Hakuna eneo la mafuta linalotoa kiasi kilekile miaka yote halafu likakauka siku moja. Presha ya chini ya ardhi hupungua, maji huingia visimani, na mapipa hupungua mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 1. Orodhesha maeneo yote kwa mafungu matatu: yanayozalisha, yanayojengwa, na yaliyogunduliwa ambayo bado hayajaamuliwa kuendelezwa. Fungu la tatu lihesabu peke yake; ndiko matumaini yanakojificha ndani ya takwimu.

Hatua ya 2. Chora uzalishaji wa kila eneo kwa miaka, utafute kilele chake, kisha upime asilimia ya kushuka baada ya hapo.

Hatua ya 3. Endeleza mteremko. Mapipa 100,000 kwa siku yakishuka 10% kwa mwaka huwa 90,000, kisha 81,000, kisha 72,900.

Hatua ya 4. Linganisha na akiba. Hapa usiharakishe. Mapipa 100,000 kwa siku ni milioni 36.5 kwa mwaka. Gawa kwa 0.10, yaani ile 10%: mteremko wako unahitaji mapipa milioni 365 yawe bado ardhini. Ikiwa akiba iliyobaki ni milioni 200 tu, 10% haiwezekani. Kasi ya kushuka itakaribia 18%.

Hatua ya 5. Ongeza maeneo mapya pamoja na ucheleweshaji wake, ndipo ujumlishe. Eneo la mafuta la Johan Sverdrup la Norwei, kubwa kama lilivyo, liligunduliwa 2010 na likaanza kutoa mafuta Oktoba 2019.

MASWALI

Mwalimu, tutumie akiba iliyothibitishwa au makadirio ya kati?

Kwa nchi nzima, ya kati, yaani kiasi chenye uwezekano wa nusu kwa nusu wa kufikiwa. Iliyothibitishwa ina uwezekano wa angalau 90% wa kufikiwa au kuzidi. Ukizijumlisha za maeneo mengi, jumla huwa ndogo mno, maana ni nadra maeneo yote kuangusha matarajio kwa pamoja.

Je, eneo likishapita kilele linaweza kupanda tena?

Ndiyo, ndugu. Ekofisk, eneo jingine la Norwei, ilikuwa ikishuka hadi maji yalipoanza kusukumwa ndani ya mwamba wake mwaka 1987, na uzalishaji ukapanda tena kwa miaka mingi. Kabla ya kurefusha mteremko, chunguza kama kuna mpango wa namna hiyo ambao tayari umepata fedha.