Namna ya kudumu na redio moja ya mtandaoni bila kumaliza bando wala kuwapa hasara wenye redio

Kwanza tuelewane, siongelei zile FM zetu ambazo zimewekwa na kwenye intaneti na matangazo ya biashara yake yote na salamu za shangazi na mjomba. Naongelea redio ambazo zimezaliwa mtandaoni, hazina mnara, na nyingi zinaishi kwa michango ya wanaosikiliza. Mfano mi niko na SomaFM ya San Francisco muda mrefu sasa, ile aliyoianzisha Rusty Hodge mwaka 2000, ina chaneli zaidi ya 30 na haipigi tangazo la biashara hata moja. Kuna Radio Paradise nayo ya 2000, ilianzia mji unaitwa Paradise huko huko California, na kwa upande wa London kuna NTS ya 2011. Hizo tatu zinatosha kabisa kuanzia, usijaze simu redio 50 halafu hakuna hata moja unayoijua vizuri.

Usiamue chaneli kwa kuisikiliza dakika tano tu. Redio ya hivi haikupi wimbo unaoujua kila baada ya nyimbo mbili, kwa hiyo ukiingia ukasikia kitu cha ajabu usikimbie, iache ipige wakati unafanya shughuli zako, kupiga pasi, kuosha vyombo, kazi za kompyuta, halafu uone wiki ikiisha bado unaitafuta au la. SomaFM wanayo Groove Salad, ndo maarufu kuliko zote, muziki wa taratibu wa kuchapa nao kazi. Wanayo Drone Zone ambayo haina hata mdundo, hiyo ni ya usiku mkubwa au ya mtu ana mawazo. Na kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda vya kunyoa vyenye picha ya Bob ukutani, kuna Heavyweight Reggae, we anzia hapo utanishukuru. Halafu kuna moja inaitwa SF 10-33, wanachanganya muziki wa taratibu na sauti za redio ya polisi na zimamoto wa San Francisco, mara ya kwanza utadhani kuna mtu kaingia kwenye laini yako.

Sasa bando, maana hapa ndo wengi wanakata tamaa. Hesabu yake ni nyepesi, angalia namba ya kilobiti iliyoandikwa pembeni ya linki ya kusikilizia, gawanya kwa 8 unapata kilobaiti kwa sekunde, halafu zidisha kwa sekunde 3600 za saa moja. Kwa hiyo ya 128 inakula kama MB 58 kwa saa, ya 64 inakula kama 29, ya 32 haifiki 15. Ukisikiliza masaa nane kazini kwa 64 hiyo ni kama MB 230, kwa 128 umeshakaribia nusu GB, na mwezi haujaisha. Radio Paradise wanatoa mpaka FLAC, yaani sauti ya CD bila kupunguzwa, tamu sana lakini inaweza kupita MB 300 kwa saa moja, hiyo waachie wenye waifai ya ofisi. Ushauri wangu chukua ya AAC ya 64 (AAC na MP3 ni aina mbili za kubana sauti iwe ndogo) na usisikilize mtu anayekwambia lazima MP3, AAC kwenye namba ndogo inatoka safi kuliko MP3 ya namba hiyo hiyo, na kwenye spika ya bluetooth ya elfu ishirini tofauti ya 64 na 128 hutaisikia hata ukitega sikio. Wenye bando za usiku wa manane mnajijua, nyie fungulieni hata 256.

Usisikilizie kwenye brauza ya simu. Brauza inabeba na ukurasa mzima, picha na makorokoro mengine, halafu ukifungua WhatsApp tu muziki unaweza kukata. Tumia programu yao wenyewe kama ipo, au VLC ambayo ni ya bure, unakopi linki ya strimu, yaani ya muziki wenyewe unaorushwa, unaibandika kwenye sehemu ya kufungua strimu basi imekubali. Linki nyingi zinaishia na .pls, usiogope, ni kifaili kidogo cha maandishi tu, ukikifungua kwa notepad utaona mstari wa File1=, chini yake File2=, chini yake File3=, kila mmoja una anwani ya seva yake, yaani kompyuta inayokurushia muziki. Maana yake ni kwamba seva ya kwanza ikizidiwa, programu inarukia ya pili. Kwa hiyo hifadhi linki ya hicho kifaili chenyewe, usichomoe anwani moja ya ndani ukadhani umerahisisha, siku hiyo seva wakiibadilisha utakaa unalaumu mtandao wa simu bure. Na kama muziki unakata ukizima kioo hilo sio tatizo la redio, ni simu inaua programu ili kubana chaji, ingia mipangilio ya betri uiruhusu hiyo programu ifanye kazi bila vikwazo.

Masaa nayo yatakuchanganya. Wimbo umepita saa tatu na robo usiku, umeupenda, hukuwahi kuangalia jina, ukienda kwenye orodha ya nyimbo zilizopigwa unakuta masaa ya California. Sisi tuko mbele yao kwa masaa 11 kipindi chao cha baridi, na 10 kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja wanaposogeza saa zao. Kwa hiyo hiyo saa tatu na robo yetu ya usiku mwezi wa kwanza kwao ni saa nne na robo asubuhi ya siku hiyo hiyo, na utaikuta imeandikwa 10:15. Nenda mapema maana ile orodha inaonyesha nyimbo za karibuni tu. NTS ni rahisi zaidi, London tunawazidi masaa matatu, au mawili kipindi chao cha joto, na vipindi vyao vingi wanavihifadhi, ukikosa leo unarudia kesho.

Usiombe wimbo ukategemea upigwe saa hiyo hiyo, na usiulize kinachofuata ni nini. Sio kwamba wana maringo. Leseni ambayo redio za mtandaoni za Marekani zinatumia inakataza kutangaza orodha mapema, na ndani ya masaa matatu huruhusiwi kupiga nyimbo zaidi ya tatu za albamu moja au zaidi ya nne za msanii mmoja. Ndo maana msanii unayempenda akipita hapo usimsubirie tena jioni nzima.

Sasa jambo ambalo mi naona ndo kubwa kuliko yote na hakuna anayewaambia watu. Redio ya FM ikishawasha mnara, wasikilize watu mia au wasikilize laki, gharama ni ile ile. Mtandaoni sivyo, kila mtu anatumiwa nakala yake mwenyewe kutoka kwenye seva, na juu yake kuna mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, inayohesabiwa kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Mwaka 2002 huko Marekani walipanga dola 0.0007 kwa wimbo mmoja kwa mtu mmoja, unaiona ndogo eeh, haya piga hesabu, watu 1000, nyimbo 15 kwa saa, hiyo ni dola 10 na nusu kila saa, zaidi ya 250 kwa siku, na wakataka redio zilipe mpaka za nyuma tangu 1998. SomaFM ikazima mwezi wa sita mwaka huo, ikarudi mwishoni mwa mwaka redio ndogo zilipopata sheria ya nafuu. Halafu 2007 viwango vikapandishwa tena, tarehe 26 mwezi wa sita redio nyingi za mtandaoni za Marekani zikanyamaza siku nzima kupinga.

Kwa hiyo kuiacha redio inapiga chumbani huku we umeenda sokoni unadhani unawaongezea wasikilizaji, unawaongezea bili. Ukitoka, zima. Ukilala nayo weka kipima muda, VLC inacho, nusu saa inatosha maana ukishakoroma hakuna anayesikiliza hapo zaidi ya mbu. Ofisini kama mko wanne chumba kimoja msifungue strimu nne za chaneli ile ile kila mtu na earphone zake, wekeni spika moja.

Na kuchangia, usisubiri uwe na hela nyingi. Dola tano mara moja moja zinasaidia kuliko ahadi ya hamsini, na ukiweza kuiweka ijirudie kila mwezi wenye redio wanapanga bajeti vizuri zaidi, ila kabla hujaiweka hakikisha kadi yako inakubali kukatwa kila mwezi na kwamba unajua pa kuizimia. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa ya Bongo na ya Kenya zote zina kadi pepe, unaitengeneza kwenye simu, unahakikisha hela ipo, unalipia. Weka na ziada kidogo kwa ajili ya makato na kubadilisha hela, maana ikipungua hata shilingi mia malipo yanagoma. Tisheti zao ni nzuri kweli ila kuisafirisha mpaka Dar unaweza kulipa kuliko tisheti yenyewe, bora hiyo hela uichangie nzima nzima.

Ukikosa kabisa cha kutoa waandikie imeili, hata Kiingereza cha kuunga unga kinaeleweka. Ila usiandike tu kwamba mko vizuri, taja chaneli, taja linki uliyotumia, uko nchi gani na mtandao gani, na kama ilikata andika ilikata saa ngapi kwa saa zao. Mtu wa seva akipata maelezo hayo ana pa kuanzia kutafuta.