Pakiti yenye anwani ya uongo ifie hapa hapa Kisauni

Ruta yangu ya MikroTik, kifaa kinachogawa intaneti, iko juu ya paa Bombolulu, Mombasa, na wateja wake ni majumba na maduka ya mtaa. Kwa desturi yake ruta husoma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inakokwenda, inakotoka haiulizi. Ndiyo maana kamera ya dukani iliyoingiliwa na wahuni huweza kutuma maswali ya DNS (huduma ya kutafuta anwani ya jina la tovuti) ikijifanya seva ya mtu Ujerumani, na majibu, makubwa kuliko maswali, yakamfurikia yeye.

Dawa iliandikwa tangu mwaka 2000, katika RFC 2827, waraka wa taratibu za intaneti: mkague mtumaji mlangoni anapoingilia. Pakiti ikishafika mbali, nani atajua ilitoka wapi?

Mwenye laini moja ya kutokea kazi yake nyepesi. Kwenye menyu ya MikroTik fungua IP, kisha Settings, RP Filter (kichujio cha njia ya kurudi) iwe strict, yaani kali. Kwenye Linux ni net.ipv4.conf.all.rp_filter=1. Ruta itajiuliza: nikitaka kumjibu huyu, nitapitia mlango huu huu? Kama sivyo, pakiti inatupwa.

Mimi nina laini mbili, na hapo ndipo nilipoumia. Niliweka strict jioni, nikateremka kunywa chai na mahamri. Chai haijapoa, simu zikaanza. Majibu yaliyorudi kwa laini ya pili yalikuwa yanatupwa, kwa sababu ruta iliyajua makwao kupitia laini ya kwanza. Nikahamia loose, yaani legevu. Loose nayo huuliza tu kama njia ipo, na ukiwa na njia ya jumla, 0.0.0.0/0, ya kwenda kokote, njia haikosekani. Yaani mlinzi amelala.

Basi nakagua mwenyewe, mlango kwa mlango. Walio nyuma ya NAT, ambao ruta huwabadilishia anwani wanapotoka, hawanisumbui sana. Nawaangalia waliopewa anwani za umma. Tuseme duka lililo kwenye ether3, mlango mmoja wa ruta, lina 203.0.113.8/29:

/ip firewall filter add chain=forward in-interface=ether3 src-address=!203.0.113.8/29 action=drop

Ipandishe juu ya kanuni za accept (za kuruhusu) na fasttrack (njia ya mkato inayoruka ukaguzi). Kwenye laini za nje, tupa kinachoingia kikidai kimetoka kwenye anwani zako mwenyewe.

Kisha jaribu. Chomeka kompyuta kwenye ether3, utume pakiti kwa seva yako ya nje kwa hping3 -a 192.0.2.77, programu inayoweza kughushi anwani ya mtumaji. Hesabu ya kanuni ikipanda, imeshika. Ikibaki sifuri, tazama kama ether3 imo ndani ya bridge (milango kadhaa iliyounganishwa kuwa kama mmoja), maana hapo kanuni yataka jina la bridge. Mimi jambo hilo lilinila Jumamosi nzima.